Barua pepe ya bure enzi za DOS: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Pegasus Mail na wenzake

Kila mtu anapofungua kabati la marehemu profesa na kukuta sanduku la disketi, au anapoona mstari wa "X-mailer: Pegasus Mail" kwenye barua ya mwaka 1994, maswali huwa yale yale. Tumeyakusanya hapa. Ukiona jibu linakupeleka kwenye namba nyingine, lifuate, hatutarudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Pegasus Mail ni nini, na ilitoka wapi?

Ni programu ya kuandika, kutuma na kusoma barua pepe. Iliandikwa na David Harris wa mji wa Dunedin, Nyuzilandi, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1990 kwa kompyuta za DOS. Baadaye yakaja matoleo ya Macintosh na ya Windows.

Harris alikuwa mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Otago. Chuo kilifunga mtandao wa NetWare, mtandao ukaja na kugawana faili, kugawana printa na kila aina ya haki za watumiaji, ila programu ya barua haukuwa nayo. Zilizokuwa zikiuzwa madukani zilikuwa ghali kwa mfuko wa chuo. Basi akaandika ya kwake kwa muda wake wa ziada, kisha akaiachia wengine waichukue. Wasimamizi wa mitandao katika vyuo vingine walikuwa na shida ile ile na bajeti ile ile, kwa hiyo haikuhitaji matangazo.

2. Hiyo NetWare ni kitu gani?

Ni mfumo wa seva wa kampuni ya Novell ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukiingia maabara ya kompyuta ya chuo, mara nyingi ulikuta mashine za DOS zimepangwa ukutani, kebo imepita nyuma ya meza, na kwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli kuna kompyuta moja isiyoguswa na mtu. Hiyo ndiyo seva. Ulikaa kwenye mashine yoyote, ukaandika jina na neno la siri, na diski yako ya mtandao ikaonekana kama vile imo ndani ya mashine iliyo mbele yako.

Hapo ndipo programu ya barua iliponufaika. Barua zako zilikaa kwenye seva, kwa hiyo mwanafunzi asiye na kompyuta yake alisoma barua popote alipopata kiti.

3. Ilikuwa bure kweli? Mwandishi alikula nini?

Programu yenyewe ilikuwa bure, kwa mtu mmoja na kwa chuo kizima. Harris aliuza vitabu vya mwongozo, na chuo kilichotaka kumuunga mkono kilinunua vitabu. Ulikuwa mpango wa muungwana kwa muungwana, na ulimvusha miaka mingi. Januari 2007 alitangaza kwamba anasimamisha kazi kwa sababu mauzo ya miongozo hayatoshi tena. Watumiaji wakamwandikia kwa wingi hata mwezi ule ule akabadili uamuzi, na miongozo ikawa bure huku yeye akiomba michango.

Watu huchanganya "bure" na "chanzo huria". Pegasus haikuwa ya chanzo huria; msimbo wake alibaki nao mwenyewe. Pine (tazama 4) iliachia msimbo wake, lakini leseni yake ilikuwa na masharti yaliyowaudhi baadhi ya watu, na mrithi wake, Alpine, ndiye aliyetolewa kwa leseni huria ya Apache. Eudora ilianzia chuoni, mwaka 1991 ikapewa leseni kwa kampuni ya Qualcomm, na baadaye ikagawanyika kuwa toleo jepesi la bure na toleo la kulipia. Ukiulizwa kama programu za zamani za barua zilikuwa za bure, uliza kwanza ni ipi na ya mwaka gani.

4. Kulikuwa na zipi nyingine?

Eudora iliandikwa mwaka 1988 na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois, kwanza kwa Macintosh. Pine ilianza mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Washington kwa ajili ya mashine za Unix, kisha likaja toleo la DOS lililoitwa PC-Pine. Chuo Kikuu cha Minnesota, kile kile kilichotoa Gopher (mfumo wa kutafuta na kusoma taarifa mtandaoni), kilikuwa na Minuet ya DOS, na Northwestern walikuwa na NUPop. Ukitazama orodha hii utaona zote zimetoka vyuoni, zimeandikwa na watu waliokuwa wakipigiwa simu na walimu wenye hasira kila asubuhi. Nadhani ndiyo maana zilikuwa nyepesi kutumia kuliko nyingi zilizouzwa.

5. Kwa nini Eudora ikaitwa Eudora?

Kwa heshima ya Eudora Welty, mwandishi wa Marekani aliyewahi kuandika hadithi fupi ya mwanamke anayehamia kuishi posta. Dorner aliposhughulika na barua mchana na usiku alijiona naye anaishi posta. Zaidi ya hapo, itifaki ya POP (Post Office Protocol) iliyotumiwa na programu hiyo ina neno posta ndani ya jina lake.

## Ilivyofanya kazi

6. Barua ilimfikiaje mtu wakati hakukuwa na seva ya barua?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake ni rahisi kiasi cha kuchekesha.

NetWare ilipomsajili mtumiaji ilimpa namba ya utambulisho, na ikamfungulia folda yenye jina la namba hiyo chini ya SYS:MAIL. Zamani Novell ilikuwa na programu yake ya barua. Programu ikaondoka, folda zikabaki, na zikawa zinatunza vitu vidogo kama maagizo ya mtumiaji anapoingia. Kila mtumiaji alikuwa na haki ya *kuunda* faili katika folda za wenzake, lakini hakuwa na haki ya kusoma wala kuorodhesha kilichomo.

Fikiria kisanduku cha barua kilichofungwa kwa kufuli mlangoni mwa kila nyumba. Mpita njia yeyote anaweza kuingiza bahasha kwenye mwanya, lakini hawezi kuitoa wala kuchungulia ndani. Pegasus ilitumia visanduku hivyo vilivyokuwapo tayari. Ulipobonyeza kutuma, programu ilitafuta namba ya mpokeaji, ikaandika faili moja ya maandishi yenye kimalizio cha .CNM ndani ya folda yake, kazi ikaisha. Mpokeaji alipofungua Pegasus, programu ilitazama kama kuna faili za .CNM na kuzionyesha kama barua mpya. Hakukuwa na programu nyingine iliyokesha ikisubiri katikati, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuharibika saa nane usiku. Msimamizi alinakili programu kwenye seva, akaendesha PCONFIG kuweka mipangilio michache, na siku ile ile chuo kikawa na barua pepe.

7. Na barua ya kwenda nje ya chuo?

Hapo lilihitajika lango, yaani programu inayochukua barua kutoka folda za NetWare na kuzungumza SMTP, itifaki ya kusafirisha barua pepe, na ulimwengu wa nje. Vyuo vingi vilitumia Charon, iliyoandikwa na Brad Clements wa Chuo Kikuu cha Clarkson, Marekani. Charon ilihitaji kompyuta nzima kwa kazi hiyo tu, na mara nyingi ilikuwa mashine ya zamani iliyostaafishwa, imewekwa chini ya meza na kikaratasi cha "USIZIME".

Baadaye Harris mwenyewe aliandika Mercury, nayo ya bure, iliyokaa ndani ya seva ya NetWare yenyewe. Mashine ya chini ya meza ikapumzika. Lilikuja pia toleo la Windows, Mercury/32.

Mtumiaji hakujua lolote kati ya haya. Aliandika jina tupu kwa mwenzake wa chuoni, na anwani yenye @ kwa mtu wa mbali, Pegasus ikaamua yenyewe barua ipitie wapi.

8. Kwa nini Eudora ilihitaji POP, na Pegasus ya mwanzo haikuhitaji?

SMTP inataka mpokeaji awe macho muda wote. Kompyuta ya mezani huzimwa jioni, kwa hiyo haiwezi kupokea barua moja kwa moja. POP ilitatua hilo: barua inasubiri kwenye mashine kubwa ya chuo, na kompyuta yako inakwenda kuichukua ikishawashwa, kama mtu mwenye sanduku la posta anavyokwenda na ufunguo wake. Eudora ilifuata njia hiyo. Pegasus ilikuwa na folda za NetWare (tazama 6), ambazo seva ilizilinda hata wewe ukiwa umelala. Pegasus nayo ilijifunza POP baadaye, watu walipoanza kuitumia nyumbani kwa modemu.

9. Kompyuta ya DOS ilihitaji nini ili iingie mtandaoni?

Kadi ya mtandao, kebo, na mistari michache katika AUTOEXEC.BAT, faili ya amri ambazo DOS huzitekeleza inapowaka. Kwa mashine ya NetWare yenye kadi ya aina ya NE2000 mpangilio wa kawaida ulikuwa huu:

LSL
NE2000
IPXODI
NETX
F:
LOGIN

Mstari wa kwanza hadi wa nne hupakia tabaka za mtandao moja juu ya nyingine, kila moja ikikaa kwenye kumbukumbu. F: ndiyo diski ya kwanza ya seva. Ukibadilisha mpangilio, hakuna kinachofanya kazi.

Waliotaka TCP/IP, lugha ya intaneti, kwa mfano kwa ajili ya PC-Pine au Minuet, walitumia kiendeshi cha pakiti (programu ndogo inayoendesha kadi ya mtandao), na vingi kati ya hivyo vilipatikana bure katika mkusanyiko wa Crynwr. Amri yake ilikuwa kama hii: ne2000 0x60 5 0x300. Namba hizo ni mlango wa programu, namba ya katizo la kadi, na anwani ya kadi. Katizo lililowekwa kwa vijiti vidogo juu ya kadi lisipolingana na lililoandikwa kwenye amri, kompyuta ilikutazama tu.

10. Kwa nini kila mtu wa enzi hizo analalamika kuhusu KB 640?

Kwa sababu DOS iliziendesha programu ndani ya KB 640 za kumbukumbu, na tabaka za swali la 9 zilikula sehemu yake kabla hujafungua chochote. Programu ya barua iliyokuwa nene haikufunguka. Waandishi wa Pegasus na wenzake walipima kila kilobaiti.

## Herufi na viambatisho

11. Barua yangu ya zamani ina "begin 644" halafu kurasa za takataka. Imeharibika?

Haijaharibika. Hicho ni kiambatisho. SMTP ya mwaka 1982 iliahidi kubeba herufi za biti 7 tu, yaani maandishi ya Kiingereza, wakati faili ya programu au ya picha ina biti 8. Njia iliyotumiwa ni kuigeuza faili kuwa maandishi: kila baiti tatu zinakuwa herufi nne, kwa hiyo mzigo unanenepa kwa theluthi moja. Mbinu hii inaitwa uuencode, na mistari yake iliyojaa huanza na herufi M. Nakili kuanzia "begin" hadi "end", ihifadhi kama faili, na programu yoyote ya uudecode itakurudishia faili yako. Watumiaji wa Macintosh walikuwa na BinHex kwa kazi kama hiyo.

Mwaka 1992 ukaja utaratibu wa MIME wa Nathaniel Borenstein na Ned Freed, na ndio tunaoutumia hadi leo. Kati ya 1992 na katikati ya muongo huo kulikuwa na vurugu: mmoja anatuma kwa MIME, mwenzake ana programu isiyoijua. Pegasus ilipendwa hapa, maana ilifahamu uuencode, BinHex na MIME zote.

12. Na hizi =20 na =3D zilizotapakaa?

Ni MIME hiyo hiyo, namna yake ya kuandika herufi zenye utata: =20 ni nafasi, =3D ni alama ya sawasawa. Programu inayojua MIME huzificha. Isiyojua huzionyesha zote.

13. Je, Kiswahili kilisafiri salama?

Kilisafiri salama kuliko Kifaransa au Kijerumani. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina nukta wala vikofia juu ya herufi, kwa hiyo kiliingia chote ndani ya biti 7. Mfaransa alipoteza alama zake njiani. Barua ya Kiswahili ilifika kama ilivyoandikwa, hata ng'ombe na ritifaa yake, kwa sababu ritifaa iliyonyooka ni herufi ya kawaida ya ASCII, yaani ile orodha ya herufi za biti 7.

Hatari ilikuja na Windows. Programu za uandishi zilianza kubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, nayo iko nje ya biti 7. Ukinakili aya yenye ng'ambo na ng'oa kutoka kwenye waraka kuja kwenye barua, upande wa pili ilifika na kidude kisichosomeka, au pengo. Ukikuta barua ya Kiswahili ya miaka hiyo imeandikwa "ng ombe", usimlaumu mwandishi.

## Afrika Mashariki

14. Vyuo vyetu vilitumia programu hizi?

Shida ya kwanza huku ilikuwa njia ya kutoka nje, kabla hata ya programu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakukuwa na kiungo cha kudumu cha intaneti. Barua zilikwenda kwa mafungu: zinaandikwa mchana, zinakusanywa kwenye kompyuta moja, kisha modemu inapiga simu na kuzibadilisha na za upande wa pili.

Teknolojia iliyobeba kazi hiyo ilikuwa Fidonet, iliyoanzishwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984, nayo pia ni ya bure na ya kompyuta za kawaida za DOS. Mradi wa ESANET uliunganisha kwa njia hiyo vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe, na GreenNet ya London ilikuwa miongoni mwa milango ya kutokea. Afrika ilikuwa kanda ya 5 ya Fidonet, ndiyo sababu anwani za zamani za watafiti wetu huishia na z5.fidonet.org.

Simu ya kimataifa ililipiwa kwa dakika, na laini ilikatika. Kwa hiyo mtu alijifunza kuandika kwa ufupi, kutotuma viambatisho, na kufuta ile tabia ya kunukuu barua nzima ya mwenzako chini ya jibu la mstari mmoja. Wengine hatujaiacha adabu hiyo mpaka sasa.

## Usalama na faragha

15. Msimamizi aliweza kusoma barua zangu?

Ndiyo. Aliyekuwa na akaunti ya SUPERVISOR aliona folda zote. Ukikuta barua zilizofungwa kwa neno la siri ndani ya Pegasus, ni kwamba mwandishi alilijua hilo. Programu ilikuwa na usimbaji wake wa ndani. Sisi hatuwezi kukufungulia.

16. Zile haki za kuunda faili (swali la 6) hazikuwa hatari?

Zilikuwa, na wanafunzi waligundua. Maagizo ya kuingia ya kila mtumiaji yalikaa katika folda ile ile, kwenye faili iitwayo LOGIN. Asiyekuwa nayo, mtu mwingine angeweza kumuundia. Namba ya SUPERVISOR ilijulikana kuwa 1, na wasimamizi wengi hawakujiwekea maagizo. Mwanafunzi mtundu aliandika faili ya LOGIN, akaitumbukiza katika SYS:MAIL\1, akasubiri msimamizi aingie. Maagizo yakatekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi. Kinga yake ilikuwa kujiundia faili ya LOGIN mapema, hata kama ina mstari mmoja usiofanya kitu.

Kosa hili lilikuwa la mpangilio wa NetWare. Pegasus iliukuta mlango uko wazi tayari.

17. Je, niliyemwandikia aliweza kujua nimeomba taarifa ya kusomwa?

Aliweza akitazama vichwa vya barua: utaona mstari wa X-Confirm-Reading-To. Programu nyingine ziliupuuza tu, kwa hiyo ukimya haukumaanisha barua haijasomwa.

18. Ni kweli Pegasus haikupata virusi?

Hakuna programu iliyo salama moja kwa moja. Ila Melissa ya 1999 na ILOVEYOU ya 2000 zilisambaa kwa kuiamrisha Outlook, programu ya barua ya Microsoft, itume nakala zake kwa watu wa kitabu cha anwani. Mtumiaji wa Pegasus aliyefungua kiambatisho angeweza kuumiza mashine yake, lakini barua haikujituma kwa marafiki zake.

## Disketi za zamani

19. Nina faili za .CNM na .PMM. Nazisomaje?

Fanya nakala kwanza, na usiguse disketi ya asili tena. Faili ya .CNM ni barua moja, maandishi matupu. Ifungue kwa kihariri chochote cha maandishi. Faili ya .PMM ni folda nzima: mwanzoni kuna kichwa kifupi chenye jina la folda kama mwenyewe alivyoliita, kisha barua zinafuatana. Faili ya .PMI ni faharasa tu, unaweza kuiacha. Usishangae majina yakiwa kama FOL012AB. Jina halisi limo ndani ya hicho kichwa.

20. Na za Eudora na Pine?

Pine ilitumia muundo wa mbox (barua zote za folda ndani ya faili moja ya maandishi), ambao Thunderbird na programu nyingi huelewa. Eudora nayo karibu ni hivyo hivyo: faili za .MBX, ila kila barua huanza na mstari "From ???@???". Alama hizo za kuuliza ziliwekwa na Eudora yenyewe, si dalili ya uharibifu. Jambo la kuangalia ni viambatisho: Eudora ilivitoa ndani ya barua na kuviweka katika folda tofauti. Ukinakili .MBX peke yake unabaki na barua zinazotaja viambatisho ambavyo huna.

21. Nimefungua .PMM kwa amri ya TYPE ya DOS, nikaona barua moja tu, lakini faili ina KB 300. Nyingine zimefutika?

Zimo. Pegasus ilitenganisha barua kwa herufi ya 26, yaani Ctrl-Z, ambayo kwa DOS maana yake ni mwisho wa faili. TYPE ikiikuta husimama na kukurudishia kishale, kumbe barua mia moja ziko baada ya hapo. Tumia kihariri cha kisasa, au kigeuzi kinachobadilisha .PMM kuwa mbox. Tumewahi kuletewa disketi ambayo familia ilikuwa imeshaiweka kwenye kapu la taka kwa sababu hii tu. Ndani ya folda moja ya KB 212 mlikuwa na miaka mitatu ya barua.